Nguo Ambayo Hairudishwi kwa Fundi

Sijamsamehe. Nayaandika hayo mwanzo kabisa, ili asiyependa maneno ya mtu mwenye kinyongo afunge kitabu sasa, aendelee na shughuli zake. Mimi ni mwanamke mzee. Shule niliiacha darasa la pili kule kwetu Adu, bara ya Malindi, kwa sababu mbuzi wa baba walikuwa wengi kuliko watoto wake, na kuandika nimejifunzia ukubwani, kwa kuandika vipimo vya watu kwenye daftari: bega, kifua, kiuno, mkono. Kwa hivyo nikipotea njia kidogo nivumilie, nitarudi. Lakini kwenye hili la kinyongo sitapotea.

Kazi yangu ni ushoni. Cherehani yangu ya kukanyaga kwa mguu ipo kibarazani hapa Kisumu Ndogo, Malindi, pale pale ilipowekwa mwaka nilioolewa, na imekula sindano nyingi, kwa sababu hewa ya chumvi ya huku haina huruma na chuma. Hiyo ni kazi ya kunilisha. Ninayo nyingine, na hiyo simtozi mtu: nakata sanda. Akifa mwanamke mtaani kwetu, huitwa watu wawili. Shoga yangu, rafiki wa siku nyingi na jirani wa mlango wa tatu, yeye huosha maiti. Mimi hukata nguo.

Kukata sanda kuna adabu yake. Bafta nyeupe na mkasi, basi. Utepe wa fundi hauingii chumbani. Tunapima kwa shibiri za mkono. Uzi haununuliwi dukani, tunauchomoa kwenye kitambaa chenyewe, na mwishoni hatupigi fundo. Ile kanzu ya ndani haina pindo, haina ukosi, haina kifungo. Na mlango hufungwa. Mwanafunzi wangu wa ushoni awe hodari vipi, sikati sanda mbele yake mpaka awe mtu mzima aliyekwisha kuzaa. Ndivyo alivyonifundisha mama mkwe, na ndivyo alivyofundishwa yeye. Hilo la mlango uliweke akilini, maana ndipo mambo yote yalipoingilia.

Kwetu Adu hatukuwa Waislamu. Baba alikuwa na mambo yake ya kizamani, mama akaenda kanisani, akatoka, akarudi tena. Mimi nimesilimu kwa kuolewa, na nisikufiche, nilisilimu kwa ajili ya mpishi, dini ikaja kunikuta baadaye.

Mpishi ndiye mume wangu. Alikuwa akipika kwenye hoteli moja ya ufukweni, samaki wa kupaka alikuwa akimpaka nazi mpaka wageni wanaingia jikoni kumtazama. Mtu mfupi, mabega mapana, kama mimi. Tukisimama mgongo kwa mgongo, watu walikuwa wakicheka, wanasema tumekatwa kwa karatasi moja. Siku moja nikaenda mjini kwenye duka la Mhindi mmoja, mzee mpole aliyekuwa akinijua kwa kunitazama mikono tu, nikakuta jora la pamba ya mistari ya samawati liko mwishoni. Kitambaa kizito, laini, cha zamani. Nikamwambia nakitaka chote. Akasema, "Bibi, hiki hakitoshi nguo mbili." Na kweli hakikutosha. Shati la mume lingetoka, blauzi yangu isingetoka, na mimi nilikitaka na yeye alikitaka.

Nikakaa na kile kitambaa siku nane bila kukigusa na mkasi. Halafu nikashona nguo moja ya watu wawili.

Hapa nieleze kidogo, na asiyejua kushona asiogope. Mwili wa mwanamke unatanuka nyongani, wa mwanamume unateremka. Nikachukua akili ya kanzu. Kanzu ina vipande vya ubavuni, tunaviita taharizi, na ina kipande kidogo cha pembe nne chini ya kwapa, kikwapa. Nikavitia vyote viwili kwenye shati, lakini zile taharizi nikazikunja ndani kama feni iliyofungwa. Akivaa yeye, zinalala, shati linashuka moja kwa moja. Nikivaa mimi, zinafunguka zenyewe nyongani. Na vifungo, kwa kuwa shati la mume hufungwa huku na la mke hufungwa kule, nikatoboa matundu pande zote mbili, vifungo nikavitia kwenye ukanda wa peke yake unaopita katikati. Hakuna kipande kilichotupwa, hata cha kufutia sindano.

Yeye alilivaa Ijumaa. Mimi nililivaa kwenye harusi na kwenda kwetu Adu. Jirani walikuwa wakituuliza kwa sauti kubwa, "Leo zamu ya nani?" Naye anajibu, "Leo ni mimi mwenye nyumba!" Likafuliwa, likakaa, likafuliwa, rangi ikapungua, likawa jororo kama sikio la mbuzi. Alipofariki, sanda yake niliikata mimi kwa mkono wangu, halafu lile shati nikalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango bila kulifua. Nikipita nalinusa kwenye ukosi. Samaki wa kupaka na jasho. Mtu mzima mimi, nanusa ukosi. Basi.

Sasa nije kwake.

Nisiyemsamehe ni mwanafunzi wangu. Mama yake ni mtu wa kwetu Adu, mkulima, tulichunga pamoja. Alimleta msichana ana miaka kumi na sita, akaniambia, "Dada, huyu mashairi ya darasani hayamwingii, lakini ukimpa kitambaa hatoki hapo." Na ilikuwa kweli. Nimefundisha wengi, sijaona mikono kama ile. Alikaa kwangu miaka minne, analala chumba cha nyuma, Jumapili anaenda kanisani, Jumatatu asubuhi yuko kwenye cherehani kabla sijaamka. Nilimfundisha kila kitu nilichonacho isipokuwa kile cha mlango uliofungwa, sanda. Na nilimfundisha jambo moja ambalo leo nalijutia: nilikuwa nikinunua mitumba mizuri, namwambia, ukitaka kuijua nguo usiitazame, ifumue. Ifumue mpaka ilale chini vipande vipande, ndipo itakuambia ilivyozaliwa.

Akaenda Nairobi. Akakaa. Akarudi mwanamke mzima, nywele fupi, suruali pana, kucha safi, na kampuni. Ndiyo, kampuni ya nguo, iko upande wa Kilifi, nyumba kubwa ya makuti, mafundi kumi na kitu. Alikuja kunisalimia na halua.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuwa mrefu ama ni viatu?"

"Ni viatu, Mama." Akacheka.

Akanieleza biashara yake. Nguo zisizoharibu dunia. Pamba tupu, rangi za magome na majani, hakuna kipande kinachotupwa, hakuna haraka, nguo inashonwa polepole na inavaliwa miaka mingi. Nikamwambia nguo zangu mimi zimekuwa za polepole siku zote, waulize wateja wangu wa Idi. Halafu akasema, na nguo zenyewe hazina mume wala mke, mtu yeyote anavaa. Nikasema mbona hiyo ipo. Nikanyoosha mkono nyuma ya mlango.

Heri ningekatwa huo mkono.

Akalishika lile shati, ambalo miaka yote minne alikuwa akiliona msumarini bila kuligusa. Akaligeuza ndani nje, kama nilivyomfundisha. Akaona taharizi zilizokunjwa, akaona kikwapa, akaona ukanda wa vifungo. Akanitazama kwa macho ambayo nikayadhania ni ya mapenzi. Akaniomba. "Siku tatu tu, Mama. Nipige picha, nilirudishe." Nikampa. Nikamwambia usilifue. Akasema, "Mama! Mimi tena?"

Siku tatu zikawa wiki tatu. Likaletwa na dereva, kwenye mfuko wa karatasi wa khaki wenye kamba nzuri za kushikia. Nikafungua hapo kibarazani. Nikatoa kipande kimoja. Nikatoa cha pili. Mbele, nyuma, ukosi, mikono, taharizi, vikwapa, ukanda. Kila kitu kipo, hakuna kilichopotea, uzi wangu wote umetolewa kwa ustadi hata tundu la sindano halionekani. Na kila kipande kimepigwa pasi. Nikauweka ukosi puani. Harufu ya pasi.

Mume wangu amefumuliwa na kupigwa pasi, ndivyo nilivyosema, na shoga yangu mwoshaji aliyekuwa amekaa nami aliuchukua ule mfuko akauweka mbali kama umebeba kitu cha kuuma.

Hata hilo ningelimeza, wallahi, kwa kuwa nilijua kosa lilitoka kinywani mwangu: ifumue. Lakini baada ya miezi michache kijana wa dukani akanionyesha kwenye simu. Shati letu. Limevaliwa na mwanamume mrefu, limevaliwa na mwanamke mnene, la rangi ya gome la mkoko, la rangi ya manjano. Nikamwambia nisomee. Akasoma kwamba ni ubunifu wa mwenye kampuni mwenyewe, aliyeufikiria akitembea ufukweni peke yake.

Ufukweni peke yake! Mtu huyo kwa miaka minne hakuwahi kwenda ufukweni, anaogopa kaa.

Sikutaka fungu la fedha. Nataka hilo lieleweke, maana watu wengine wamesema nafuata pesa. Nilitaka jambo moja: aseme mbele za watu kwamba mkato ule ni wa mwalimu wake. Aseme kwa mdomo, watu wakisikia. Nilimwomba mara tatu. Mara ya kwanza alicheka, akasema, "Mama, watu wananunua nguo, hawanunui fundi." Mara ya pili akasema tutaangalia. Mara ya tatu nilipanda gari mpaka Kilifi, nikamkuta kwenye meza yake ya kukatia, na mafundi wake wanasikia, akaniambia polepole, kwa adabu kabisa, "Mkato hauna mwenyewe, Mama. Hata wewe kikwapa umekitoa kwenye kanzu. Aliyebuni kanzu umemtaja?"

Nikachukua leso yangu nikatoka. Swali hilo ndilo lililonichoma zaidi. Nilipanda gari la kurudi Malindi, na nilipofika Watamu njia panda tayari jibu nilikuwa nalo, lakini halikuwa la maneno.

Nikangoja. Mimi najua kungoja, nimengoja bafta ichemke itoke wanga mara ngapi. Na akaja mwenyewe, kama nilivyojua atakuja, kwa kuwa mtu akishafumua nguo moja ya watu lazima arudi kutafuta ya pili. Alikuwa na maonyesho ya nguo yanakuja, kwenye bustani ya hoteli, wanunuzi wanatoka nje ya nchi, alihitaji nguo ya kufungia shughuli. Akakaa mkekani, akanibembeleza.

"Mama, huna kingine? Cha kale kabisa. Kisicho na mume wala mke, kisichotupa kitambaa."

Nikavua miwani yangu nikaifuta, kama nafikiri. Halafu nikasema, "Ninacho. Ndicho cha kale kuliko vyote hapa pwani."

"Kikoje?"

"Kitambaa kimoja cheupe. Hakina ukosi, hakina pindo, hakina kifungo. Hakipimwi kwa utepe, kinapimwa kwa shibiri. Kinamkaa mnene na mwembamba, mume na mke, tajiri na maskini."

"Uzi?"

"Unachomolewa humo humo kwenye kitambaa."

Akashika kifua. "Mama! Na watu wanakipenda?"

"Mwanangu, nimekishona maisha yangu yote na hakuna hata mmoja aliyenirudishia akisema kinambana."

Nilisema hivyo, na uso wangu haukucheza. Ningemwonya hata kwa kukohoa. Sikukohoa. Nikatoa bafta kabatini, nikaieneza mkekani, nikamkatia kanzu ya maiti mchana kweupe, mlango wazi, kuku wanapita. Akawa ananitazama mikono kama zamani. Akaiga papo hapo. Kwa mara ya kwanza tu akaipata, mkono wake ukawa kama wangu, na nikaona fahari, Mungu anisamehe, fahari na chuki kwa pamoja kwenye tumbo moja. Yeye angejulia wapi? Kwao Adu maiti huvikwa vingine, na kwangu siku za msiba alikuwa akipelekwa kwa jirani kukaa na watoto.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri, saa kumi. Alitualika sisi wa mtaani kama ishirini hivi, akatuweka viti vya nyuma, kwa kuwa wageni wanapenda kuona kuna wenyeji. Shoga yangu mwoshaji alikaa kulia kwangu na buibui lake jipya. Kushoto alikaa mzee mmoja, mtu wa msikitini, aliyekuja kwa ajili ya sambusa na hakuficha. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nilikuwa nimekaa na siri yangu mapajani kama mkoba.

Zikatoka nguo. Shati la mume wangu likatoka mara sita, kila mara rangi nyingine. Wageni wanapiga makofi. Mimi nahesabu vikwapa. Kimoja kilishonwa kimepinda, nikafurahi.

Halafu ngoma ikapungua, na wakatoka wawili, kijana mwanamume na msichana, wameshikana mikono, miguu mitupu, kila mmoja na bafta nyeupe kutoka begani mpaka chini ya goti. Haina pindo. Haina ukosi. Nyuzi zinaning'inia zilipochomolewa. Wanatabasamu.

Miaka yote niliyoikata ile nguo, sikuwahi kuiona ikitembea.

Nilikuwa nimejiandaa kucheka ndani kwa ndani. Sikucheka. Yule kijana alikuwa mfupi mwenye mabega mapana. Sisemi zaidi.

Shoga yangu alisimama. Akayasema kwa sauti yale maneno tunayoyasema mtu akifa. Yule mzee wa sambusa akajifunika uso kwa kanzu yake. Mhudumu wa hoteli, kijana wa huku huku, akaweka sinia chini kwenye majani, akarudi nyuma kinyumenyume. Kwenye viti vya mbele mwanamke mmoja mzee wa Kitaliano akawa anapiga makofi peke yake, na anauliza kama ipo ya saizi yake. Nikasema moyoni, ipo, mama, ipo ya kila mtu.

"Waambie wavue!" shoga yangu akapiga kelele. "Wavueni watoto wa watu! Nani kaifanya hii?"

Mwanafunzi wangu akatoka mbio nyuma ya pazia. Mmoja wa mafundi wake akamnong'oneza sikioni, nikamwona uso unabadilika, kwanza hakuelewa, halafu akaelewa. Akanitafuta kwa macho katikati ya watu wote wale mpaka akanipata. Akachukua kipaza sauti.

"Mkato huu si wangu," akasema. "Sikuubuni mimi. Umebuniwa na kukatwa na mwalimu wangu, aliyenifundisha ushoni. Yule pale nyuma, mwenye miwani."

Watu wote wakageuka.

Ndiyo hiyo sasa. Lile jambo moja nililolitaka, kwa mdomo wake, mbele za watu, na kipaza sauti juu yake. Nimelipata lote. Nikakaa pale na miwani yangu, watu wananitazama. Shoga yangu aliyekuwa amesimama kando yangu akanitazama juu mpaka chini. Akachukua mkoba wake akahamia kiti cha mbali.

Nisikufiche, kwa wiki mbili nilikuwa mtu wa furaha. Nilisikia wanunuzi wengine wamerudi kwao bila kusaini, na mafundi wake wanne wamegoma kugusa bafta ile. Nilikula vizuri. Nililala vizuri. Vipande vya shati nikavishona upya kwa mkono, lakini kila mshono ukifumuliwa hula kitambaa kidogo, na lilipokamilika likawa dogo. Likanikaa mimi peke yangu. Marehemu lisingemwingia tena. Nikaongeza hilo kwenye hesabu ya yule mwanafunzi.

Halafu akafa mwanamke wa nyumba ya kisimani. Nikasikia kilio, nikafunga cherehani, nikatoa mkasi kabatini nikaufuta. Nikajifunga leso. Nikakaa kibarazani kungoja kuitwa. Nikangoja mpaka jeneza likapita mbele yangu. Nikaja kusikia kwamba walinunua sanda iliyokwisha kukatwa dukani, imefungwa kwenye nailoni. Kwenye nailoni! Na shoga yangu ndiye aliyesema nisiitwe. Alisema mkono uliowavika walio hai nguo ile kwa mchezo, hautamvika maiti yeyote atakayeoshwa na yeye. Amekufa wa pili, amekufa wa tatu. Sijaitwa.

Hapo ndipo nilipojua nimekata mpaka kwenye kidole changu. Na bado sijuti kwa ajili ya mwanafunzi wangu. Ninajuta kwa ajili ya bafta, na kwa ajili ya yule kijana mwenye mabega. Kwa yule niliyemfundisha, hata ukiniamsha usingizini nitakuambia ningefanya tena, isipokuwa ningechagua kiti cha mbele.

Akaja. Ilimchukua mwanafunzi wangu mwezi na zaidi. Hakuleta halua safari hii. Hakusema shikamoo, akasimama chini ya kibaraza na miwani ya jua.

"Mama, ulinifanya niwavishe watu nguo ya maiti."

"Na wewe ulimfumua mume wangu."

"Lilikuwa shati!"

"Na ile ilikuwa bafta."

Akavua miwani. Alikuwa amekonda. "Ungeniambia tu kwamba imekuuma hivyo."

"Nilikuambia mara tatu. Mara ya tatu mafundi wako wote walisikia. Waulize."

Akakaa kwenye ngazi. Kuku wakapita, wale wale. Halafu akasema kwamba ameandika. Kwenye simu, na kwenye kile kitambaa kidogo cha shingoni, ameandika kuwa shati ni mkato wa mwalimu wake wa Malindi. Akanionyesha kitambaa chenyewe. Nikakisoma herufi kwa herufi, maana mimi husoma hivyo.

"Sasa imekwisha, Mama?" akauliza.

"Haijakwisha."

"Unataka nini tena?"

Nilikuwa nimelifikiria tangu siku ile jeneza lilipopita. Nikamwambia: mtaani hapa hawaniiti tena. Nikifa, mimi watanivika ile ya nailoni, imekatwa na mashine, na mtu asiyejua bega langu. Kuna mtu mmoja tu duniani ambaye mkono wake unakata kama wangu, kwa kuwa nilimwonyesha mimi mwenyewe, mlango wazi. Utanikatia wewe.

Akainuka. "Mimi? Mama, mimi ni Mkristo. Hawataniruhusu."

"Kuosha wataosha wao. Kukata ni kukata. Na nimekwisha kumtumia habari shoga yangu. Amekataa kuongea nami lakini wosia wa maiti hawezi kuukataa, nimemwandikia kwa mkono wangu." Hilo lilikuwa kweli. Nilitumia karatasi mbili. "Utaingia chumbani, utawakuta wanawake wote wa mtaa huu, wote waliokuwepo siku ile bustanini. Watakuuliza, wewe msichana nani amekufundisha hii? Na utawajibu. Bila kipaza sauti."

Nilidhani ataondoka. Alikuwa amekwisha kushika kamba za mkoba wake.

"Wewe ni mtu mbaya, Mama," akasema.

"Nimefundisha vizuri lakini."

Nikaingia ndani, nikatoa bafta yangu, ile niliyojiwekea tangu mume wangu alipofariki, nikaieneza mkekani. Akaingia nyuma yangu. Nikafunga mlango, kama inavyotakiwa. Nikasimama wima katikati ya chumba na lile shati langu lililopungua, nikamwambia apime. Akaniwekea mkono begani, akaanza kushuka kwa shibiri, moja, mbili, tatu, anahesabu kwa midomo bila sauti kama nilivyomfundisha ana miaka kumi na sita. Alipofika nyongani akakosea, kidole kikateleza.

"Rudi begani," nikamwambia. "Anza upya. Na usilie juu ya kitambaa changu, kitaingia doa."